Na Wao Wanafunga Lini?

Nina kosa moja nililoliandika kwa mkono wangu, na kijiji kikaligongea muhuri. Limo kwenye muhtasari wa mkutano uliofanyika Songosongo mwaka 2022, siku tuliyojadili kuufunga mwamba wa pweza. Katibu alikuwa na msiba Kivinje. Mimi nilikuwa nimevuka kwenda kumsalimu shangazi, na kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka nikakabidhiwa daftari. Ukurasa wa tatu nimeandika hivi: "Mjumbe mmoja aliuliza kuhusu meli kubwa. Swali lilijibiwa."

Halikujibiwa. Mjumbe huyo alikuwa shangazi yangu, na nilikuwa nimekaa hatua nne kutoka aliposimama.

Shangazi amechokoa pweza tangu hajavunja ungo. Maji ya bamvua yakipwa, mwamba ukabaki wazi kama mgongo wa ng'ombe aliyekonda, yeye na wenzake hushuka kwa miguu, kila mmoja na chuma chake na ndoo. Pweza hamwoni. Huona maganda ya kaa na chaza yaliyotupwa mlangoni mwa shimo, akajua mwenye nyumba yumo na ameshakula. Nimewahi kumfuata mara tatu nne na sijapata kuona hayo maganda mpaka anionyeshe kwa kidole.

Kufunga mwamba maana yake ni kwamba kwa miezi mitatu hakuna anayeshuka pale na chuma. Jambo lenyewe lina akili. Pweza wetu haishi sana, mwaka mmoja na kidogo hivi. Jike hutaga mara moja tu, hukaa kuyalinda mayai bila kula, na yakianguliwa naye hufa. Lakini katika huo umri mfupi hunenepa haraka mno, kiasi kwamba ukimwacha miezi michache aliyekuwa wa kukaanga mtu mmoja anakuwa kitoweo cha nyumba. Wavuvi wa Andavadoaka, Madagaska, walianza kufunga miamba yao mwaka 2004, na mtindo huo ukasambaa pwani yote hii. Sheria yetu ya uvuvi nayo inakataza kuvua pweza wa chini ya nusu kilo. Sina ugomvi na lolote kati ya haya. Shangazi pia hana.

Ila kufunga kuna anayelipa. Wanaume wenye miwani ya kuzamia wakifungiwa mwamba mmoja huenda kwenye maji marefu, au hupanda ngalawa wakafuata mwamba mwingine. Mwanamke anayetembea kwa miguu ana mwamba anaoufikia kwa miguu, basi. Ukimfungia huo umemfungia duka. Mtaalamu aliyekuja siku ile kutoka kwenye mradi mmoja alilipita jambo hili haraka. Alikaa zaidi kwenye soko: kwamba pweza wetu huishia Ureno, Italia na Hispania, kwamba mlaji wa huko siku hizi anataka kujua samaki wake amevuliwaje, na kwamba bahari isiyotunzwa itakosa mnunuzi.

Hapo ndipo shangazi aliponyanyuka. Kwenye baraza ya ofisi ya kijiji kulikuwa na kitu ambacho vijana walikiokota wiki moja kabla, kimesukumwa na maji hadi kwenye fungu la mchanga: boya la duara mfano wa sufuria kubwa iliyofunikwa, juu lina vioo vya sola, ubavuni lina namba na maandishi ya kigeni, chini linaburuza kipande cha wavu kilichoota chaza. Sola walikuwa wameshaibandua kwa ajili ya kuchajia simu. Shangazi alikinyooshea kidole, akasema: "Baba, tumekusikia. Sisi tutafunga. Na wenye hiki, wao wanafunga lini?"

Mtaalamu alitabasamu. Alisema ni swali zuri sana. Kisha akafunua karatasi iliyofuata. Nami nikaandika "lilijibiwa", kwa sababu ndivyo mihtasari inavyoandikwa.

Kwa msomaji asiyekijua kitu kile, ni sehemu ya chelezo. Meli kubwa za jodari, zile za nyavu za kuzungusha, hutupa baharini vyelezo vinavyoelea na kufuata mkondo. Samaki hupenda kujikusanya chini ya chochote kinachoelea. Hilo mvuvi yeyote wa Kilwa anajua, hata gogo linafaa. Tofauti ni kwamba chelezo hiki kina mtambo wa kupima wingi wa samaki waliopo chini yake, na hupeleka habari kwa setilaiti hadi kwa nahodha aliye maili mia kadhaa mbali. Meli huja ikiwa na uhakika, ikazungusha wavu, ikabeba kila kilichomo, pamoja na makinda ya jodari ambayo hayajawahi kuzaa hata mara moja. Ndege zake nyingi katika Bahari ya Hindi, yaani meli hizo, zina bendera za Hispania na Ufaransa, au bendera ya Shelisheli na mwenye mali yuko kulekule.

Kwa hiyo shangazi hakuuliza swali la mtu asiyesoma. Aliuliza swali la biashara. Hispania inamnunua pweza wake na kumtaka awe amelelewa kwa adabu. Hispania hiyohiyo inavua jodari katika bahari anayoiona kila asubuhi. Kipimo ni cha nani?

Februari 2023 nilidhani jibu limepatikana. Kamisheni ya Jodari wa Bahari ya Hindi, ambamo Tanzania ni mwanachama na Umoja wa Ulaya pia ni mwanachama, ilikutana Mombasa kwa kikao maalumu. Hoja ilikuwa moja: vyelezo. Kura zikapigwa, theluthi mbili zikapatikana, na azimio likapita kwamba kila mwaka kuwe na siku 72 ambazo hakuna meli itakayovua kwenye vyelezo vinavyoelea. Nilimpigia shangazi simu siku ileile niliyosoma habari hiyo.

"Siku ngapi?" akauliza.

"Sabini na mbili, shangazi."

"Sisi tisini."

"Ndiyo, shangazi."

"Si haba," akasema. "Waanze."

Hawakuanza. Kanuni za kamisheni hiyo zinamruhusu mwanachama aliyeshindwa kwa kura kuandika pingamizi, na akiliandika azimio halimfungi. Aprili 2023 Umoja wa Ulaya uliandika lake. Wengine wakafuata, na pingamizi zilipozidi theluthi moja ya wanachama, azimio lote likapoteza nguvu, hata kwa wale waliolitaka. Kabla mwaka haujaisha lilikuwa karatasi. Sitaki kumdanganya mtu hapa: Ulaya haikuwa peke yake. Baadhi ya nchi za bahari hii hii ziliandika pingamizi pia, nyingine zikiwa na bandari na viwanda vinavyoishi kwa samaki wa meli hizohizo. Mwenye njaa hupinga kwa niaba ya mwenye sahani, na hilo nalo ni somo. Mwaka 2024 kamisheni ilikubaliana kupunguza idadi ya vyelezo kwa kila meli, hatua kwa hatua. Kufunga, hapana.

Nilikaa na habari hiyo wiki nzima kabla ya kumwambia.

Sababu ya Ulaya ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Ilisema hatua ile haikuwa na msingi wa kutosha wa kisayansi. Naheshimu sayansi. Lakini tangu 2015 wanasayansi wa kamisheni hiyohiyo walikuwa wakisema kwamba jodari wa mapezi ya njano amevuliwa kupita kiasi, na wakati wa kikao cha Mombasa walikuwa bado wanasema hivyo. Na mimi nina umri wa kukumbuka Januari 1998. Mvua za El Niño, kipindupindu, na Umoja wa Ulaya ukafunga mlango kwa samaki wabichi wa Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hatari ya kipindupindu kusafiri ndani ya samaki wa biashara ni ndogo sana. Haikusaidia. Mlango ulibaki umefungwa hadi katikati ya mwaka. Tulielezwa kwamba pakiwa na shaka ni bora kujihadhari. Najua ile ilikuwa habari ya afya na hii ni ya mazingira, lakini angalia namna mizani inavyoegemea: shaka ikiwa upande wa samaki wetu, inatosha kufunga soko, shaka ikiwa upande wa meli zao, inatosha kuacha bahari wazi.

Basi wapo wenzangu wa mjini, watu wasomi ninaowapenda, ambao nikifika hapa hunipigia makofi na kumalizia sentensi yangu: viwango vya mazingira ni ukoloni mpya, tuvitupe, wao walifyeka misitu yao wakatajirika, sasa zamu yetu. Hapana. Hapo tunaachana. Hoja hiyo ni ya mtu ambaye hajawahi kuishi mahali pasipo na kiwango, na sisi wa Lindi tumeishi.

Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa pale Rufiji. Sote tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Kabla yake kwenda Dar es Salaam wakati wa masika ilikuwa safari ya kuaga familia. Lakini daraja halichagui mpitaji. Malori yalikuja kusini yakiwa matupu na kurudi yamelala matairi kwa magogo: mninga, mkongo, mpangapanga, kutoka Rufiji, Kilwa, Liwale. Wateja wengi walikuwa China, na hawakuuliza gogo limetoka wapi wala limekatwa na nani. Huo ndio uhuru wa biashara ambao wenzangu wanautamani. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC lilitoa ripoti kuhusu miaka ile, na ndani yake mna jambo ambalo sijalisahau: bidhaa za miti ambazo China iliandika kuzipokea kutoka Tanzania zilikuwa mara kumi ya zile ambazo Tanzania iliandika kuziuza. Tisa kati ya kila kumi zilipita bila jina. Walionufaika walikuwapo, tena wengine wana majumba hadi leo, ila kijiji chenye msitu kilipata ujira wa wapasuaji na vumbi.

Kwa hiyo kiwango duni si fursa kwa maskini. Ni punguzo la bei ambalo maskini anampa tajiri kutoka mfukoni mwake, na mfuko wenyewe ni msitu.

Kilwa hiyohiyo ilionyesha njia nyingine. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilikuwa imetoa ruhusa kwa kijiji kumiliki msitu wake, kuusimamia na kubaki na mapato. Shirika la hapahapa Kilwa, MCDI, lilisaidia vijiji kupima misitu, kuhesabu miti na kuweka mipango ya uvunaji, na mwaka 2009 misitu ya Kikole na Kisangi ikapata hati ya FSC, ile nembo inayomwambia mnunuzi kwamba mti huu umevunwa kwa mpango. Mti wenyewe hasa ni mpingo, unaotengenezewa klarineti na oboe za kizungu, na ambao huchukua miongo saba au zaidi kukomaa. Nawaomba wasomaji watulie kidogo kwenye picha hiyo: wanakijiji wanalinda mti ambao aliyeupanda, kama kuna aliyeupanda, ameshakufa, na atakayekata mche wa leo hajazaliwa. Wamekubali kukaguliwa na wageni na kuulizwa maswali hadi ya namna ya kuhifadhi mafuta ya msumeno. Wameweka doria. Hakuna aliyewalazimisha.

Halafu kanuni ikabadilika. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria dhidi ya bidhaa zinazotokana na ukataji wa misitu, na mbao zimo, pamoja na kahawa, kakao, ng'ombe, soya, mawese na mpira. Kila mzigo utahitaji kuonyesha kwa vipimo vya ramani mahali hasa ulikotoka, na kwamba pale hapakufyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Hati kama ile ya FSC inaweza kusaidia kama ushahidi, lakini haitoshi peke yake. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, si kwa sababu Kikole waliomba, bali kwa sababu kampuni na serikali za Ulaya zililalamika kwamba hazijawa tayari. Mei 2025 Tume ya Ulaya ikazigawa nchi za dunia katika makundi ya hatari. Nchi zote za Umoja wenyewe zikajikuta kwenye kundi la hatari ndogo, ambako ukaguzi ni wa asilimia moja ya wafanyabiashara. Tanzania iko kundi la kati, asilimia tatu. Mwalimu amesahihisha mtihani ambao naye aliufanya, akajipa maksi za juu.

Sisemi sheria hiyo ni mbaya. Ingekuwapo mwaka 2003, na ingekuwa ya China pia, huenda mninga wa Liwale ungekuwa bado umesimama. Ninachosema ni kwamba gharama ya ramani, ya mkaguzi na ya karatasi inaanguka kwa kijiji kilichokuwa kinatenda vema kabla ya sheria, na mnunuzi wa klarineti hajaongeza senti. Yuleyule anayedai usafi wa bidhaa ndiye anayepanga bei yake, na katika bei hiyo usafi hauna mstari wake. Songosongo ni vilevile. Siku mwamba unapofunguliwa pweza huwa wakubwa na wengi, na mnunuzi aliyesifu uhifadhi kwenye mkutano hufika ufukweni na mizani akashusha bei ya kilo, kwa kuwa leo mali imejaa. Nimeona kwa macho yangu. Wanawake walisubiri miezi mitatu, na faida ya kusubiri ikagawanywa pale kwenye mizani kabla haijafika kwenye ndoo zao.

Dunia haikosi kanuni ya haki katika mambo haya. Mwaka 1998, mwaka uleule wa samaki wetu, Shirika la Biashara Duniani lilihukumu kesi ya India, Malaysia, Pakistan na Thailand dhidi ya Marekani. Marekani ilikuwa imekataa kamba wanaovuliwa kwa nyavu zinazoua kasa. Waamuzi wa rufaa walisema Marekani ina haki ya kumlinda kasa. Kosa lake lilikuwa jingine: nchi za Karibi ilizipa miaka mitatu ya kujiandaa na msaada wa kitaalamu, hizi za Asia ikazipa miezi minne. Yaani kiwango chenyewe kilikuwa halali, ila hakikuwekwa kwa haki. Sisi ambao kasa hutaga kwenye fukwe zetu tungepaswa kuikariri hukumu hiyo na kuibeba kila tunapokwenda mezani.

Tena kuna meza ambazo hatuhitaji kusafiri kuzifikia. Maili 200 za bahari kutoka ufukweni ni zetu kisheria. Meli ya kigeni inayotaka kuvua jodari humo huomba leseni kwa Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, na leseni ina masharti, na masharti yanaandikwa kwa Kiswahili na Kiingereza na watu wanaolipwa kwa kodi zetu. Hakuna pingamizi la Brussels linaloweza kuzuia Tanzania kuandika kwenye leseni yake: siku 72, au tisini, hakuna kuvua kwenye chelezo ndani ya maji haya. Najua jibu litakalotolewa, kwamba meli zitahamia kwa jirani na mapato ya leseni yatapotea. Huenda. Lakini mwanamke wa Songosongo aliambiwa apoteze mapato ya miezi mitatu kwa sababu bahari ni urithi wa vizazi vijavyo, na hakuna aliyemfanyia hesabu ya jirani. Kama serikali inaweza kumwomba yeye, inaweza kujiomba na yenyewe.

Safari iliyopita nilipovuka kwenda kisiwani, kulikuwa na mkutano tena. Katibu alikuwapo, daftari lilikuwa mikononi mwake. Muhtasari wa zamani hausomwi upya, lakini nilinyoosha mkono nikamwomba mwenyekiti ruhusa ya kusahihisha mstari mmoja wa mwaka 2022. Nikaeleza kwamba palipoandikwa "lilijibiwa" paandikwe "halikujibiwa", na kwamba kosa ni langu. Watu wakacheka, si kwa ubaya.

"Mwanangu," mwenyekiti akasema, "ule umeshathibitishwa na kugongwa muhuri. Haubadiliki."

Mkutano ukaendelea. Ajenda ilikuwa kufunga mwamba msimu unaokuja. Kura zikapigwa kwa mikono, na shangazi alinyoosha wake mapema, akaunga mkono kufunga. Kisha alipoulizwa kama kuna mwenye neno la mwisho akasimama, akajifunga kanga vizuri, akauliza swali lilelile, neno kwa neno. Boya bado lipo pale barazani. Siku hizi wanakalia.

Nilimsogelea katibu nikachungulia daftari. Alikuwa ameandika swali. Baada yake ameacha nafasi ya mstari mmoja, tupu.